Siri ya Kitu Kilichokwisha Kuuzwa

Kuuza ni kutoa na kupokea. Muuzaji hutoa kitu akapokea thamani yake; mnunuzi hutoa thamani akapokea kitu. Baada ya hapo kila mmoja hushika njia yake, na aghalabu hapana neno linalobaki baina yao ila salamu. Ndivyo desturi ya masoko ilivyokuwa tangu zamani, na watu hawakuona haja ya kuihoji, kwa kuwa vitu vilivyouzwa vilikuwa na tabia ya kujieleza vyenyewe. Anunuaye jembe haulizi siri ya jembe. Mpini na ubapa wake huonekana, na mkono huuzoea uzito wake kwa siku moja. Anunuaye cherehani hukuta ndani ya kasha lake kijitabu kinachomwonyesha uzi upite wapi. Na hata kijitabu kikipotea, fundi hodari hufungua kifuniko, akatazama magurudumu, akajua.

Karne iliyopita ilileta chombo cha namna nyingine. Chombo hicho hakisukumwi kwa mkono wala hakivutwi kwa kamba. Huamrishwa kwa hesabu. Ndani ya kadi inayochora picha katika kioo cha kompyuta, au katika kipande kidogo kinachopeleka na kupokea mawimbi ya mtandao, mna vyumba vidogo viitwavyo rejista. Kila chumba kina anwani yake, na kila hesabu iandikwayo humo ina maana yake: moja huwasha, nyingine huzima, nyingine huongeza kasi, na nyingine husomwa ili kujua kama joto limezidi. Programu inayozijua anwani hizo na maana hizo huitwa kiendeshi. Pasipo kiendeshi, kadi yenye thamani ya mshahara wa mwezi mzima haina faida kubwa kuliko kigae. Na pasipo waraka unaozitaja anwani na maana zake, hapana awezaye kuandika kiendeshi kwa wepesi, ila aliyeiunda kadi na wale aliowanong'oneza. Mtu anaweza kufungua kifuniko akatazama mchana kutwa. Ataona vipande vyeusi vilivyopangwa vizuri, na vipande hivyo havitamwambia neno.

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku hizi mtungi huuzwa, na kata hubaki kwa mfinyanzi. Ndipo lilipozaliwa swali ambalo masoko ya zamani hayakulijua. Mtu akiuza chombo cha namna hii, akapokea thamani yake kamili, je, ana haki ya kuuzuia waraka wake? Aliyeuza kitu akabaki na lugha yake, ameuza nini?

Wengi hawalioni swali hili. Wenye viwanda hutoa pamoja na chombo kiendeshi chao wenyewe, kilichofumbwa kisisomeke, kwa ajili ya mfumo wa uendeshaji unaotumiwa na watu wengi. Mnunuzi akiutumia mfumo huo hupata alichokitaka, wala haulizi. Wanaoumia ni watu waliochagua njia nyingine. Tarehe 27 Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa maabara ya Akili Bandia katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza azma ya kutunga mfumo mzima uitwao GNU, ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na kazi za watu hawa wawili zikakutana. Programu za namna hiyo huitwa programu huru. Uhuru wake haumo katika bei. Umo katika kuwa wazi. Ni maandiko ambayo kila mwenye elimu yake aweza kuyasoma mstari kwa mstari. Basi mtunzi wa programu huru akipewa waraka wa chombo, atakachokiandika kitasomwa na dunia nzima, na hapo ndipo mwenye kiwanda hushtuka.

Stallman mwenyewe aliingia katika jambo hili kwa mlango wa printa. Katika maabara yake palikuwa na printa ya zamani ambayo wataalamu walikuwa wameitengenezea programu ya kuwaarifu watu karatasi zinapokwama. Karibu na mwaka 1980 ikaja printa mpya ya Xerox, bora kwa kasi na kwa sura ya maandishi, lakini programu yake ilikuja imefumbwa. Karatasi zilikwama kama zamani; kilichokosekana ni njia ya kuifundisha printa kusema. Stallman alimwendea mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na maandiko ya programu hiyo, akamwomba. Akakataliwa. Mtaalamu yule alikuwa ametia sahihi ahadi ya kunyamaza. Kisa hiki ni cha programu na wala si cha waraka wa chombo, lakini ugonjwa ni mmoja: mtu mmoja ajua, mwenzake ana haja, na baina yao imekaa ahadi waliyopewa watu wa tatu. Stallman alisema baadaye kwamba mtu yule hakumkatalia yeye peke yake. Aliwakatalia wanadamu wote kwa pamoja, wengi wao kabla hawajazaliwa.

Insafu yataka hoja za wenye viwanda zisikilizwe, maana si zote ni za choyo. Hoja ya kwanza ni ya mshindani. Kampuni hutumia fedha nyingi na miaka mingi kuunda kadi yake. Ikitoa waraka, husema, mwenzake ataiga bila ya jasho. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili ambayo yapasa kutengwa, nayo ni siri ya kuunda na namna ya kuamrisha. Fundi wa majahazi aweza kuificha hesabu ya mbavu za chombo chake, akamrithisha mwanawe peke yake, na watu wasimlaumu. Lakini hapana fundi aliyewahi kumwuzia mtu jahazi akamficha kamba ipi hupandisha tanga. Siri ya kuunda ni mali ya aliyeunda. Namna ya kuamrisha ni sehemu ya kitu chenyewe, na kitu kikihama nayo huhama.

Mpaka baina ya mambo hayo mawili si mnyofu kila mahali. Katika kadi za picha za siku hizi, mtu hodari akisoma namna ya kuziamrisha hukisia mengi juu ya jinsi zilivyopangwa ndani. Mwenye kiwanda hasemi uongo anaposema hivyo. Lakini ni nani anayezuiwa na ukimya wake? Kampuni shindani yenye mali huweza kulipa wataalamu waichubue chipu tabaka kwa tabaka na kuipiga picha kwa hadubini, na kazi hiyo ni biashara inayojulikana. Asiyeweza ni mwanafunzi. Kufuli iliyowekwa kwa ajili ya tajiri humzuia maskini aliyekuwa akipita njia.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ndogo zaidi: kwamba waraka ukitoka, wenye hataza nyingine watauchungulia watafute mahali walipoibiwa. Hii ni hofu ya kuonekana, na hofu ya kuonekana haijawa haki ya mtu.

Hoja ya tatu ni ya mawimbi. Vipande vinavyosema kwa redio vimewekewa na serikali mipaka ya nguvu na ya masafa, na baadhi ya kampuni zilidai kwamba waraka ukiwa wazi, watumiaji wataivuka mipaka hiyo na kampuni itashitakiwa. Kwa miaka kadha hoja hii ilionekana kama ukuta. Kisha mwaka 2008 kampuni ya Atheros, muundaji mashuhuri wa vipande hivyo, ikatoa kiendeshi cha wazi kwa ajili ya Linux, na mwaka huo huo ikatoa pia maandiko ya sehemu ya programu yake ambayo hapo kwanza ilifumbwa. Anga haikuanguka. Mvunja sheria huadhibiwa kwa kuivunja, kama aendeshaye gari kwa kasi. Wala haijasikika kwamba mwenye kiwanda cha magari alikatazwa kueleza kazi ya usukani.

Wako watetezi wa uwazi wanaopenda kuwaambia wenye viwanda kwamba uwazi una faida, kwamba afunguaye huuza zaidi. Ni vizuri kuwaonya. Mfano mkubwa kuliko yote wa uwazi ni wa IBM. Ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, IBM ilitoa na kitabu cha ufundi ambacho kilikuwa na michoro ya mizunguko ya umeme, na hata maandiko ya programu ya msingi iliyokaa ndani ya chombo. Programu hiyo ililindwa kwa hakimiliki, lakini kila mtu aliweza kuisoma. Watu wakatengeneza kadi za kila aina za kuchomeka humo. Compaq nayo, kwa kuwatumia waandishi ambao hawakuyaona maandiko ya IBM, ilitunga programu ya msingi ya kwake, ikaanza kuuza mwaka 1983 kompyuta iliyofanana na ya IBM kwa kazi. Wengine wakafuata. Ulimwengu ulipata faida isiyopimika. IBM yenyewe je? Mwaka 1987 ilijaribu kuufunga mlango kwa kompyuta mpya ambazo mpangilio wake ulitaka kulipiwa, soko likakataa. Na mwaka 2005 biashara yake ya kompyuta ndogo ilikwisha kuwa mali ya Lenovo, kampuni ya China. Basi anayemwambia mwenye kiwanda kwamba uwazi hautampunguzia kitu hamwambii kweli yote. Jambo la haki halingojei kuthibitishwa na hesabu ya faida. Mtu hurudisha amana kwa kuwa si yake, hata kama kuirudisha kutamwacha na njaa.

Hata hivyo hapana budi kumsifu anayetoa. AMD iliinunua ATI, kampuni ya kadi za picha, mwaka 2006. Na mwezi wa Septemba 2007 ikaanza kutoa nyaraka za kadi hizo kwa umma, bila ya kumtaka msomaji atie sahihi yoyote. Waandishi wa programu huru walianza kazi mara moja. Sehemu ya kufumbua video ilichelewa hata mwaka 2013, kwa sababu ilishikamana na kufuli za wauza filamu, lakini njia ilikwisha pasuliwa.

Kampuni nyingi zilichagua njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo iliyowagawa watu wema. Kampuni husema: waraka tutakupa, ila wewe peke yako, na kwanza utie sahihi kwamba hutamwonyesha mtu. Je, mtunzi wa programu huru akubali?

Mwezi wa Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakubwa wa kiini cha Linux, alitangaza kwa kampuni zote kwamba wenzake walikuwa tayari kuziandikia viendeshi bure, na kwamba kampuni ikitaka ahadi ya kunyamaza juu ya waraka, ahadi hiyo ingepatikana. Kiendeshi chenyewe kingekuwa wazi. Waraka ungebaki sandukuni. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa kazi. Mti hujulikana kwa tunda lake, na tunda hapa ni maandiko yanayosomeka na wote. Mtu anayehitaji mtandao leo hawezi kuvaa msimamo wa mwingine wala kuula. Na kampuni ikizoea kufanya kazi na watu wa namna hii, hofu yake huweza kupungua.

Upande wa pili alisimama Theo de Raadt wa Calgary, kiongozi wa mfumo uitwao OpenBSD, ambaye Shirika la Programu Huru lilimtunukia tuzo yake ya mwaka 2004. Kanuni ya OpenBSD ni kwamba waraka upokewao kwa ahadi ya kunyamaza haupokewi. Wasiomjua walisema ni ukaidi. Lakini hoja yake haikai katika ukaidi, na yafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Kiendeshi huonyesha alichokitenda mwandishi wake. Hakionyeshi chombo kinachoweza kutenda. Tuseme katika mstari mmoja mwandishi ameandika hesabu fulani katika anwani fulani, kisha programu ikangoja kwa kitambo cha sehemu ndogo ya sekunde, ndipo ikaendelea. Kwa nini ingoje? Labda waraka unasema kwamba chipu ya toleo la kwanza ilikuwa na kosa, na isipongojewa huharibu data. Labda mwandishi alibahatisha tu. Aliyeapa ajua, na hawezi kusema. Msomaji huona mstari wazi kabisa mbele ya macho yake, lakini sababu ya mstari imefungiwa katika kinywa cha mtu mwingine. Ni kama hukumu iliyosomwa mahakamani bila ya ushahidi wake: inatii sheria, lakini hapana wa kuikatia rufani. Siku mwandishi yule atakapobadili kazi, au kuchoka, au kufa, kiendeshi chake kitakuwa mkononi mwa watu wanaoweza kukigusa na wasioweza kukielewa. Uhuru wa kubadili kitu ambacho sababu yake haijulikani ni uhuru wa kukivunja.

Tena kiapo huharibu kitu ambacho hakiandikwi katika programu. Kazi ya programu huru ilisimama juu ya usawa. Kijana wa kwanza kuja na mzee wa miaka ishirini walisoma maandiko yale yale, na aliyeona kosa alisema. Kiapo huweka baina yao tabaka la wenye kujua kwa ruhusa. Na kampuni huchagua nani aingie katika tabaka hilo. Kinachotolewa kwa kuchagua mtu hakitolewi kwa kuwa ni haki. Ni hisani, na hisani ina mkono wa juu na mkono wa chini.

Mwaka 2005 kanuni ya de Raadt ilipimwa kwa moto. Adaptec iliuza kadi za kupanga diski nyingi ziwe kama moja, ili diski moja ikifa, data isipotee. OpenBSD ilikuwa na kiendeshi cha kadi hizo, lakini hakikuwa na waraka wa kutosha kuandika chombo cha kuzisimamia, yaani cha kumwarifu mwenye nyumba kwamba diski imekufa na kuiponya safu. Waliomba waraka, wakakosa. Toleo la OpenBSD la mwaka huo, lenye namba 3.7, likatoka pasipo kiendeshi hicho katika kiini chake cha kawaida. Watu waliokwisha kununua kadi zile, wakaweka data zao humo kwa imani, iliwapasa kutafuta kadi nyingine au mfumo mwingine.

Hapa msomaji mwadilifu hana budi kusita. Aliyeumia ni nani? Adaptec ilikuwa na wanunuzi wengi mahali pengine. Aliyeumia ni mwenye kadi, ambaye hakuwa na kosa, na aliumizwa na rafiki yake. Tendo la maadili ambalo mzigo wake humwangukia mtu mwingine lataka udhuru mkubwa kuliko tendo ambalo mtenda huubeba mwenyewe. Kukataa kula chakula cha dhuluma ni wema. Kuwakatalia watoto wa jirani wasile ni jambo jingine.

Walakini udhuru wa de Raadt ulikuwepo, na ulikaa katika tabia ya kadi yenyewe. Kadi ile ilinunuliwa kwa ajili ya siku moja tu, siku diski itakapokufa. Kiendeshi kinachofanya kazi siku zote ila siku hiyo ni ahadi ya uongo. Mwenye data angelala usingizi akidhani analindwa. Ukosefu ulio wazi ulikuwa salama kwake kuliko msaada wa nusu. Hoja hii ni ya nguvu kwa kadi ya diski, na kwa kila chombo ambacho ukimya wake unaweza kuficha hasara au mlango wa mwizi. Kwa kipande cha mtandao ambacho kisipofanya kazi hujulikana papo hapo, nguvu yake hupungua, na neno la Kroah-Hartman hupata nafasi. Kiapo hakina uzito mmoja kila mahali. Uzito wake hupimwa kwa kile anachoweza kupoteza mtu ambaye hakuapa na hakuambiwa. Na kwa kuwa viendeshi huishi muda mrefu kuliko urafiki wa kampuni na mwandishi, shaka ikibaki, yafaa mizani imwelekee anayekataa.

Iko njia ya tatu, isiyo ya kuomba wala ya kuapa, nayo ni kujifunza kwa kutazama. Kundi la Nouveau, lililoanza katikati ya miaka ya 2000, lilitaka kuandika kiendeshi huru kwa kadi za NVIDIA. Walitumia kiendeshi kilichofumbwa cha kampuni yenyewe, wakakitegea sikio. Wangekiamuru kichore umbo moja la pembe tatu, wakanakili kila hesabu iliyoandikwa katika rejista. Kisha wangebadili rangi tu, wakanakili tena, wakalinganisha. Hesabu iliyobadilika ndiyo ya rangi. Hivyo ndivyo mtoto ajifunzavyo lugha ya nyumba ambayo hakuna anayemfundisha. Kazi hiyo iliingia katika kiini cha Linux mwezi wa Februari 2010, baada ya miaka ya kunakili. Kwa vipande vya mtandao vya Broadcom walijigawa makundi mawili: kundi moja lilichunguza programu iliyofumbwa na kuandika waraka, na kundi la pili, ambalo halikuiona programu hiyo kamwe, liliandika kiendeshi kwa kuusoma waraka peke yake. Matunda yake yalitoka katika Linux mwezi wa Juni 2006.

Sheria haikuwaacha watu hawa bila ya kivuli. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1991 liliruhusu, kwa masharti, programu ifumbuliwe ikiwa ni lazima ili programu nyingine iweze kupatana nayo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani, katika shauri la Sega na Accolade, iliamua kwamba kuifumbua programu ni matumizi ya haki pale ambapo hapana njia nyingine ya kufikia sehemu zake zisizolindwa, na sababu ikawa halali.

Lakini tazama gharama yake. Watu wenye akili nyingi, ambao wangetunga mambo mapya, walitumia ujana wao kugundua upya mambo ambayo mtu fulani alikuwa ameyaandika vizuri katika kitabu kilicho kabatini. Dunia haikupata elimu mpya. Ilirudishiwa kwa taabu elimu iliyokuwapo. Kati ya hasara zote za siri, hii ndiyo isiyotajwa mara nyingi, na labda ndiyo kubwa.

Hata njia hii ikaja kuzibwa. Mwezi wa Juni 2012, akiwa katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, Torvalds aliisema NVIDIA mbele ya watu kwa maneno, na kwa ishara ya mkono, ambayo jarida la heshima haliwezi kuyaeleza. Mwaka uliofuata kampuni ilianza kuwapa Nouveau nyaraka chache. Kisha, kuanzia kadi za mwisho wa mwaka 2014, chipu zake nyingine za ndani zikaacha kutii programu yoyote isiyokuwa na sahihi ya siri ya kampuni. Hapo hata aliyejifunza lugha hakuweza kusema. Nouveau ilijua kadi iongezwe kasi vipi, na kadi ikabaki inakwenda kwa mwendo wa kuamka, kama farasi aliyefungwa miguu ya mbele. Mwezi wa Mei 2022 kampuni ilitoa kwa uwazi sehemu ya kiendeshi chake inayokaa katika kiini cha Linux, na watu wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Baadaye Nouveau nayo ilifaidika, na kadi mpya zikaongezwa kasi. Walakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha hamishiwa katika programu iliyofumbwa inayokwenda ndani ya kadi yenyewe. Mlango wa sebule ulifunguliwa baada ya vyombo kupelekwa chumba cha ndani.

Programu hizo za ndani ndizo zilizowafikisha Debian kwenye kura. Debian ni mfumo uliojifunga tangu mwaka 1997, kwa mkataba ulioandikwa, kwamba utabaki huru. Kwa miaka mingi kisanduku chake rasmi cha kusakinishia hakikubeba programu zilizofumbwa. Matokeo yake mtu aliyechukua kompyuta ya kupakata isiyo na tundu la waya alisakinisha mfumo safi usioweza kufika mtandaoni, na msaada wote ulikuwa mtandaoni. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, wakakubali kisanduku rasmi kiwe nazo. Na toleo la 12, lililotoka mwezi wa Juni 2023, likatoka hivyo. Waliopinga waliona mkataba umetobolewa. Waliokubali walimwona mtu aliyekaa mbele ya kioo kisichomjibu. Pande zote mbili ziliona sawasawa, na aliyelileta tatizo hakuwa na kura.

Jambo hili si la Calgary na Helsinki tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa maandiko yake yalikuwa wazi. Walilofanya lilihitaji elimu, kamusi na subira. Lakini mwanafunzi wa chumba hicho hicho, ambaye kadi ya kompyuta yake ya mtumba imeachwa na kiwanda na haina kiendeshi katika mfumo wake mpya, angehitaji elimu na subira ile ile, na visingemfaa kitu. Maneno yaliyo juu ya kioo aliweza kuyafanya yake. Chombo alichokinunua kwa fedha yake kilibaki cha mwingine.

Yapasa kutaja jinsi kazi inavyokuwa waraka unapotoka. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, kwa nia ya kuwafundishia vijana, na moyo wake ulikuwa chipu ya Broadcom. Mwishoni mwa Februari 2014 Broadcom ilitoa kwa umma waraka wa sehemu ya chipu hiyo inayochora picha, pamoja na maandiko ya kiendeshi cha chipu ndugu yake. Wakfu wa Raspberry Pi ukaahidi dola 10,000 kwa mtu wa kwanza atakayekihamisha kiendeshi hicho na kuuendesha kwacho mchezo fulani wa picha kwa kasi ya kuridhisha. Haikupita miezi miwili, mshindi akapatikana, mtu mmoja na waraka wake mezani. Ila programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta hiyo, kabla Linux haijapewa nafasi ya kusema neno, haikuwamo miongoni mwa vitu vilivyotolewa siku ile.